Gofu la Chombo ni la Nani?

Mtu akifa, jamaa zake humzika. Nyumba ikibomoka, mwenyewe huzoa kifusi, ama sivyo majirani humjia juu. Lakini chombo cha majini kikifa, mara nyingi huachwa pale pale kilipofia: mlangoni mwa bandari, kwenye mdomo wa mto, au katika maji mafupi ambamo wavuvi hutega nyavu zao. Mwenyewe hung'oa mashine, huchukua kamba na vyuma vyenye bei, kisha huenda zake. Ukimwuliza baadaye, hujibu: "Chombo kile si changu tena; nilikwisha kukiacha." Leo twataka kulichungua jibu hilo, maana ndani yake limo swali la dhamiri lililo kubwa kuliko mbao na vyuma. Je, mtu aweza kujivua wajibu kwa kukitupa tu kitu kilichouleta?

Kwanza tuyaone madhara, asije mtu akadhani kwamba twagombania uzuri wa mandhari tu. Gofu lililozama nusu halionekani usiku. Mashua ya mvuvi hulipanda na kupasuka. Nyavu hunasa katika mataruma yake, na wavu ni mtaji wa nyumba nzima. Mchanga hujikusanya ubavuni mwake, na njia ya vyombo huzidi kuwa nyembamba mwaka hata mwaka. Tumboni mwake hubaki dizeli, mafuta machafu ya mashine, na betri zenye risasi na tindikali. Hata rangi iliyopakwa chini ya chombo ili viumbe vya majini visishike ina sumu, maana ndiyo kazi yake. Vitu hivyo havikai humo milele. Chuma huliwa na kutu, siku moja hutoboka, na yote huingia katika maji ambayo watu huyategemea kwa samaki na kwa riziki yao.

Wazee wetu wa pwani na wa maziwa hawakuwa na taabu kubwa ya namna hii. Jahazi au dau lilipochoka hata kalafati isilifae tena, lilivutwa pwani. Misumari iling'olewa ikatumiwa tena, mbao nzuri zikapata kazi nyingine, mbovu zikawa kuni, na zilizosalia zikaoza. Mti ulirudi udongoni. Chombo cha siku hizi ni kitu kingine. Tangu miaka ya 1960 boti nyingi mno, hasa zile za matembezi katika nchi tajiri, zimeundwa kwa fibaglasi, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ya viwandani. Kitu hiki hakiliwi na mchwa, hakiozi, wala hakiyeyushwi kikawa kitu kipya kama chuma kinavyoyeyushwa. Sifa ile ile iliyomfanya mnunuzi wa kwanza akipende ndiyo inayomfanya mwenyewe wa mwisho asijue akipeleke wapi. Boti hizo za miaka ya 1960 na 1970 zimekwisha zeeka, na wa kuyanunua mabaki yake ni vigumu kumpata.

Sasa turudi kwenye lile jibu, "Nilikwisha kukiacha." Si jibu la kipumbavu, lina ukoo mrefu. Sheria za Warumi, kama zilivyofundishwa katika kitabu kilichotolewa kwa amri ya Kaisari Yustiniano mwaka 533, zilikiri kwamba mtu akitupa kitu kwa nia ya kutokitaka tena, kitu hicho si chake tangu hapo, na aliyekiokota chaweza kuwa chake. Wanasheria wale wakaongeza neno lituhusulo: mabaharia wanaotupa shehena wakati wa tufani ili chombo kisizame hawakuiacha mali yao, maana hawakuitupa kwa kutoitaka, bali kwa kuokoa chombo. Kumbe kuacha kitu si tendo la mkono tu, ni tendo la nia. Tena kitabu hicho hicho chataja hewa, maji yatiririkayo, bahari na ufuko wake kuwa ni vitu vya watu wote kwa sheria ya maumbile.

Hapa yatupasa kupambanua. Mali ina pande mbili, haki na wajibu. Haki yangu juu ya kitu naweza kuiachilia, kwa kuwa ni yangu mwenyewe. Nikiiachilia nimejipunguzia mimi. Wajibu wangu siwezi kuuachilia peke yangu, kwa kuwa unadaiwa na mwingine, naye mwenye kudai ndiye awezaye kusamehe. Mdaiwa hafuti deni lake kwa kuchana karatasi. Vivyo hivyo mtu aliyeweka tani za chuma katika maji ya wote aweza kusema, "Sitaki tena faida yake", hawezi kusema, "Sitaki tena lawama yake." Anachokiita kutupa si kutupa hata kidogo. Ni kukihamisha kitu kutoka mikononi mwake na kukiweka mikononi mwa jirani asiyeulizwa.

Maandiko Matakatifu yalikwisha kulihukumu jambo hili. Kitabu cha Kutoka, katika sura ya 21, chataja mtu aliyechimba shimo akaliacha bila kifuniko. Ng'ombe au punda wa jirani akitumbukia na kufa, mwenye shimo sharti alipe. Haiulizwi kama alikuwa angali analihitaji shimo lake. Haiulizwi kama alikusudia mabaya. Yatosha kwamba alilifungua mahali ambapo wengine hupita, akaenda zake. Gofu lililoachwa majini ni shimo lisilofunikwa, tena baya zaidi, maana shimo la nchi kavu huonekana mchana.

Nalo Kanisa halikuacha kufundisha. Mtakatifu Tomaso wa Akwino asema kwamba mwanadamu anayo ruhusa ya kujipatia mali na kuisimamia kama yake, ila katika kuitumia aihesabu kana kwamba ni ya wote. Papa Leo XIII alilirudia fundisho hilo katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, na Papa Yohane XXIII katika Mater et Magistra ya mwaka 1961 akakazia kwamba mali ya mtu binafsi ina wajibu kwa jamii tangu asili yake. Mwaka 2015 Papa Fransisko, katika Laudato Si', alitukumbusha kwamba mazingira ni mali ya wanadamu wote na jukumu la kila mmoja. Twazoea kuyasikia mafundisho haya juu ya nafaka iliyo ghalani na fedha iliyo bankini. Yafaa tuyasikie pia juu ya taka zibakizwazo na faida.

Basi, je, neno limekwisha? Tumshike mwenyewe wa mwisho, alipe, nasi twende zetu? La. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili unapoanzia, na mfano mmoja wa kweli utatuonyesha.

Katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani, palikuwa na meli iitwayo Deep Sea. Iliundwa mwaka 1947 kwa uvuvi wa kaa wakubwa wa bahari ya Alaska, nayo ilifanya kazi hiyo kwa sifa. Ilipozeeka iliangukia mikononi mwa mtu aliyeinunua kwa bei ndogo mno, akitumaini kuikatakata na kuuza chuma chake. Ikatiwa nanga bila kibali katika ghuba ndogo ya Penn Cove, karibu na mashamba ya kome. Mwezi wa Mei 2012 ikashika moto, ikazama. Mafuta yakatoka, uvunaji wa kome ukasimamishwa kwa majuma kadhaa, na watu wasio na hatia wakakosa kazi yao. Ikabidi meli iinuliwe kwa winchi kubwa na kukokotwa hadi Seattle ikavunjwe. Gharama yote ilipita dola milioni 5, nayo ililipwa kwa fedha za umma.

Nani alikosa? Sheria ilimwona mwenyewe wa mwisho, na kweli alikosa. Lakini meli ile ilikuwa na umri wa miaka 65. Ujana wake uliwatajirisha wengine. Yeye alipewa mifupa. Na ndiyo desturi ya biashara ya vyombo vikuukuu mahali pote. Kadiri chombo kinavyochakaa ndivyo bei inavyoshuka, na kadiri bei inavyoshuka ndivyo mnunuzi anavyokuwa mnyonge zaidi, hata mwishoni chombo chafika kwa yule ambaye hana cha kukitengenezea wala cha kukiondolea. Faida imepanda juu, mzigo umeteremka chini. Kumwuzia maskini kitu kwa bei ya bure, huku ukijua kwamba gharama ya kukizika yapita mara nyingi bei ile, si ukarimu. Ni kumtwika mzigo wako na kumpa stakabadhi. Mtakatifu Tomaso, akinena juu ya biashara, afundisha kwamba muuzaji hana budi kuifunua ila iliyofichika ikiwa ila hiyo yaweza kumtia mnunuzi hatarini au hasarani. Ipo ila gani kubwa kuliko hii, kwamba ununuapo leo wanunua deni la kesho?

Watu wa Washington walijifunza. Tangu mwaka 2002 walikuwa na mpango wa kuondoa vyombo vilivyoachwa, unaotegemea ada ndogo ya dola chache inayolipwa na kila mwenye boti anapoiandikisha; kwa mpango huo vyombo zaidi ya 1,000 vimekwisha kuondolewa. Baada ya ajali ya Deep Sea, mwaka 2013 na 2014, sheria zikaongezwa. Mwenye chombo kikubwa kilichozeeka sharti akikaguze kabla ya kukiuza. Na akimwuzia mtu asiye na bima, gharama ya kukiondoa yaweza kumrudia yeye aliyeuza. Tena mwaka 2014 ulianzishwa utaratibu wa kupokea boti ndogo zilizochoka kutoka kwa wenyewe wasio na uwezo, kabla hazijazama. Ufaransa nayo, tangu 2019, ina chama kiitwacho APER kinachovunja boti za matembezi bila kumtoza mwenyewe gharama ya kuvunja, kwa kuwa mchango wa kazi hiyo hulipwa boti mpya inapouzwa. Huko anayefurahia upya wa chombo ndiye anayewekea akiba uzee wake.

Twapenda kusema wazi kwamba katika sheria hizo haki imeonekana. Mzigo wa mwisho wa kitu wawahusu wote waliokula faida yake, kuanzia wa kwanza, kila mmoja kwa kadiri ya alichopata. Usimwangukie wa mwisho peke yake kwa sababu tu ndiye aliyekutwa amesimama karibu. Wala usimwangukie jirani, ambaye hakupata chochote.

Afrika ya Mashariki si mgeni katika shauri hili. Mkataba wa mataifa yote juu ya kuondoa mabaki ya meli ulikubaliwa Nairobi tarehe 18 Mei 2007, nao wabeba jina la mji huo. Ulianza kutumika tarehe 14 Aprili 2015. Kwa mkataba huo mwenye meli ndiye mwenye jukumu la mabaki yake kuonyeshwa mahali yalipo, kuwekewa alama na kuondolewa. Na kila meli ya tani 300 au zaidi sharti iwe na bima au dhamana ya kulipia kazi hiyo. Ni jambo la kushukuru. Hata hivyo mkataba huo ni wa bahari na wa meli kubwa. Mashua ya samaki, boti ya matembezi, kivuko kilichochoka katika ziwa, hivyo hubaki chini ya sheria za nchi na chini ya dhamiri. Na mahali ambapo sheria haijafika, dhamiri haina likizo.

Mwingine atasema: "Mimi ni mvuvi maskini. Chombo changu kimekufa pamoja na mtaji wangu. Niondoe gofu kwa nini?" Ndugu yetu huyu anena kweli, nasi hatumhukumu. Walimu wa maadili wote hukubali kwamba hakuna afungwaye na lisilowezekana. Lakini asiyeweza lote hakusamehewa lile dogo awezalo. Aweza kutoa mafuta na betri kabla maji hayajaingia. Aweza kukivuta chombo kabla hakijazama, wakati wanaume kumi wangali wanatosha. Aweza kuweka boya au mti wenye kitambaa ili wenzake wasijigonge. Aweza kwenda kusema kwa wakubwa wa bandari au wa mwalo, badala ya kufuta jina ubavuni usiku. Na asiloliweza kabisa, hapo ndipo upendo wa wenzake unapoitwa, kwa ushirika wao na kwa kijiji chao.

Mwingine atasema: "Hiyo ni kazi ya serikali." Ni kweli kwa nusu. Serikali ndiyo mlinzi wa mali ya wote, na gofu linapohatarisha uhai haifai kungoja kesi iishe. Liondolewe kwanza, deni lidaiwe baadaye. Lakini serikali ikilipa, si kwamba deni limekufa. Limebadilisha mdai tu. Fedha ile ingalinunua dawa au madawati. Tena serikali na mashirika ya umma nao ni wenye vyombo. Haifai kumtoza mvuvi faini kwa mtumbwi wake mbovu huku meli ya umma ikioza gatini.

Wa tatu atasema: "Acheni magofu, samaki hupata makao." Hata hili lina ukweli wake, ila si kwa njia ya uvivu. Mwaka 2002 meli Dania ilizamishwa makusudi mbele ya pwani ya Mombasa iwe makao ya samaki na mahali pa wazamiaji, lakini ilisafishwa kwanza na kuwekwa mahali palipochaguliwa. Kupanda mti si sawa na kuuangushia mti njiani. Wala si kila chombo kilichozama ni maiti. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika Ziwa Tanganyika mwaka 1916. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikawasafirisha watu wa ziwa lile kwa miongo mingi. Kwa hiyo mwenye hekima hupima kwanza: je, kinatengenezeka? Kina kazi nyingine? Kisipofaa, kiondoke.

Limebaki neno moja, tena zito kuliko yote. Pengine ndani ya kile tukiitacho gofu analala mtu. Katika Richardson Bay, karibu na San Francisco huko California, watu wengi waliishi miaka mingi katika boti kuukuu zilizotia nanga, kwa kuwa nyumba za nchi kavu ziliwashinda kwa bei. Minyororo ya nanga zao ilikwangua majani ya bahari ambamo samaki hutaga mayai. Madhara yalikuwa ya kweli. Na umaskini wao ulikuwa wa kweli vilevile. Baada ya magomvi marefu wakubwa wa huko waliamua boti ziondoke, lakini pamoja na uamuzi huo wakaweka msaada wa kuwapatia watu makao, na fedha kwa aliyeitoa boti yake kwa hiari. Huo ndio utaratibu wa haki: mtu kwanza, kisha chombo. Anayekokota boti na kumwacha mwenyewe ufukoni bila pa kulala amesafisha maji na kuchafua nafsi yake. Ametoa gofu moja majini, akaliweka jingine barabarani, nalo lina roho.

Basi, kwa wasomaji wetu wa pwani na wa maziwa, twaomba mambo matatu. Kwanza, anayetaka kuunda au kununua chombo afuate shauri la Bwana wetu juu ya mtu ajengaye mnara: akae kitako, ahesabu gharama. Ila asiishie kwenye gharama ya kukimaliza. Ahesabu na gharama ya kukiondoa. Pili, anayeuza chombo kikuukuu asimfiche mnunuzi hali yake, wala asimtafute mnyonge ili amwachie aibu. Kama hakuna awezaye kukitunza, akivunje mwenyewe. Tatu, vyama vya wavuvi na halmashauri waanze na njia iliyo rahisi: kila chombo kiandikwe jina la mwenyewe, kila mwalo uwe na mahali pa kuvunjia vyombo, na kila mwenye chombo atoe akiba ndogo kila mwaka kwa kazi hiyo. Senti za wengi zikikutana mapema huzuia mamilioni ya baadaye.

Nasi mapadre tuna sehemu yetu. Amri ya saba tumeifundisha sana juu ya kuku aliyeibwa na mizani iliyopunjwa. Tuifundishe pia juu ya madhara yaachwayo na juu ya malipo yanayodaiwa kwa ajili yake. Mwenyezi Mungu alimkabidhi mwanadamu samaki wa baharini na vyote viendavyo majini, avitawale kwa niaba yake, naye atataka hesabu. Siku hiyo hatutaulizwa tu tulivua nini. Tutaulizwa pia tuliacha nini nyuma yetu, na ni nani aliyejikwaa juu yake.